Eneo Lililo Chini ya Mstari Uliopinda

Jumamosi moja baada ya sala ya alasiri, mpwa wangu, ambaye yu kidato cha nne hapa Mombasa, alinijia barazani na daftari kwapani na uso uliokunjamana, akaniamkia kwa adabu iliyozidi ile ya siku zote, nami nikajua kwamba ana haja. Alikuwa amepewa grafu ya mstari uliopinda, akaamrishwa akadirie eneo lililo chini yake. Akalikata kanda sita, akapima, akajumlisha, akapata 73. Kisha, kwa ile tabia ya wanafunzi ambayo sisi pia tulikuwa nayo, akafunua kurasa za mwisho za kitabu na kukuta 72.

"Mjomba," akasema, "nimerudia mara tatu na kila mara ni 73. Nimekosea wapi? Na hili eneo lenyewe ni la nini, maana si shamba wala si kiwanja?"

Yalikuwa maswali mawili, na la pili lilikuwa bora kuliko la kwanza, basi nikaanza na hilo.

Neno eneo limezoea kutupeleka kwenye ardhi, kwa sababu huko ndiko tulikolikuta kwanza: mkeka una urefu wake na upana wake, na ukivizidisha hupata sehemu unayoifunika. Lakini katika grafu urefu na upana si lazima viwe vya mkeka. Chukua gari la abiria lendalo Malindi. Lau lingekwenda kilomita 60 kwa saa bila ya kupunguza wala kuongeza, kwa muda wa saa 2, mchoro wake ungekuwa mstari mnyoofu uliolala juu ya karatasi, na chini yake pangekuwa na mstatili wenye kimo cha 60 na kitako cha 2. Ukizidisha hupata 120, ambazo si kilomita za mraba, ni kilomita za safari, na ndio takriban umbali wa Mombasa hadi Malindi. Eneo hilo, kwa hiyo, ni njia iliyokwisha kupitwa. Naam, hakuna gari liendalo hivyo: litasimama Mtwapa kushusha, litapunguza mwendo kwenye matuta, litakimbia likiona barabara nyeupe, litasimama tena Kilifi, na mstari wake utapanda na kushuka kama mawimbi ya kusi. Hata hivyo hukumu haibadiliki. Safari yote ya gari lile, pamoja na kusimama kwake, imelala chini ya mstari, na mwenye kulipima eneo amepima umbali asioupitia kwa miguu wala kwa kamba.

Vivyo hivyo mita ya umeme iliyobandikwa ukutani mwa nyumba haifanyi kazi nyingine usiku na mchana ila kukusanya eneo: nguvu inayotumika ndiyo kimo, saa ndizo kitako, na yuniti tunazozilipia, kwa manung'uniko yetu yote, ndizo eneo lenyewe. Na mfamasia atakaye kujua ni dawa kiasi gani imeingia katika damu ya mgonjwa hutoa damu kidogo kila baada ya muda, huchora vipimo vyake, na kukadiria eneo lililo chini ya mchoro kwa kanuni ile ile iliyomtesa mpwa wangu.

Jambo hili lina umri mkubwa kuliko walivyodhani wanazuoni wengi. Mwaka 2016 Mathieu Ossendrijver, mtaalamu wa falaki ya kale aliyekuwa akifundisha Berlin, alitangaza maana ya vibao vya udongo vya Babeli vilivyohifadhiwa London, vilivyoandikwa baina ya takriban mwaka 350 na mwaka 50 kabla ya Nabii Isa. Makuhani wa Babeli walikuwa wakiifuata nyota ya Mushtarii. Waliona kwamba tangu siku ya kuonekana kwake mwendo wake hupungua taratibu: siku ya kwanza huenda dakika 12 za mbingu, na ifikapo siku ya 60 huenda dakika 9 na nusu. (Dakika hizi si za saa, ni zile ambazo 60 kati yake hufanya digrii moja ya mbingu.) Basi imekwenda kiasi gani kwa siku zote 60? Walijumlisha 12 na 9 na nusu, wakagawanya kwa 2, wakapata dakika 10 na robo tatu, wakazidisha kwa 60, wakapata digrii 10 na dakika 45. Atakayeuchora mwendo huo ataona umbo lenye pande mbili zilizosimama sambamba, moja ndefu na moja fupi, na kipaa kilichoinama juu yake. Umbo hilo ndilo trapeza, na hesabu yao ndiyo hesabu ya eneo la trapeza. Kabla ya hapo sifa ya fikra hii ilikuwa ikipewa wanazuoni wa Oxford na Paris wa karne ya 14.

Makuhani wale, lakini, waliishika nyota iliyopungua mwendo kwa usawa, na mstari ukiwa mnyoofu trapeza haina hitilafu hata chembe. Taabu huanza mstari unapopinda, na sehemu kubwa ya mambo ya dunia yamepinda.

Njia ya kwanza, ambayo ndiyo mama wa zote ijapokuwa wanafunzi huidharau, ni kuhesabu miraba. Karatasi ya grafu tuliyoizoea mashuleni ina miraba midogo ya milimita 2, hata sentimita moja ya mraba huwa na miraba midogo 25. Huhesabu kwanza miraba iliyo mizima chini ya mstari, kisha huiendea ile iliyokatwa: iliyobakia zaidi ya nusu huhesabiwa kuwa mmoja, iliyobakia chini ya nusu huachwa. Nakumbuka siku zangu nilivyokuwa nikitia nukta ya penseli katika kila mraba nisije nikauhesabu mara mbili, na nilivyopoteza hesabu katikati kwa sababu ya nzi mmoja. Ni kazi ya subira, na haina hila. Lakini ndani yake mna maarifa yaliyo bora kuliko jibu. Kwani ukihesabu miraba mizima peke yake umepata kiasi ambacho eneo haliwezi kuwa chini yake, na ukiongeza yote iliyoguswa na mstari umepata kiasi ambacho eneo haliwezi kukizidi. Ukweli umefungiwa baina ya kuta mbili. Mwenye kubahatisha hutaja namba moja na kuapa. Mwenye kukadiria hutaja kuta.

Archimedes wa Syracuse, katika karne ya 3 kabla ya Isa, aliishi kwa kuta hizo. Aliifungia duara baina ya umbo la ndani na umbo la nje, kila moja likiwa na pande 96, na akathibitisha kwamba mzingo huzidi kipenyo mara zaidi ya 3 na 10 juu ya 71, na pungufu ya 3 na moja juu ya 7. Baada yake Thabit ibn Qurra katika Baghdad, na Ibn al-Haytham mzaliwa wa Basra aliyefariki Misri karibu na mwaka 1040, waliyaendeleza mambo hayo. Huyu wa pili alilikata kuba la mpindo vipande vyembamba mfano wa sinia zilizopangwa, akavijumlisha, na akaujua ujazo wake sawasawa, kazi iliyomlazimisha kwanza kutafuta njia ya kujumlisha namba zilizojizidisha mara nne.

Nilimwambia mpwa wangu afanye vile vile kwa grafu yake. Mstari wake ulikuwa ule ambao kila namba ya chini hujizidisha yenyewe: penye 1 kimo ni 1, penye 2 ni 4, penye 3 ni 9, hata penye 6 ni 36. Akatia mistatili mifupi isiyotoka nje ya mstari, upana wa kila mmoja ukiwa 1, akajumlisha 0, 1, 4, 9, 16 na 25, akapata 55. Akatia mirefu inayochomoza juu ya mstari, akapata 91. Kutoka 55 hadi 91 ni uwanja mpana, na alikunja uso. Nikamwambia achukue kati na kati ya hizo mbili. Akapata 73, akanitazama kama mtu aliyeibiwa na akaiona mali yake kwa jirani.

Si muujiza. Trapeza ni suluhu baina ya mstatili mfupi na mstatili mrefu: badala ya kipaa cha chini au cha juu, huvutwa mstari mnyoofu toka ncha moja ya ukanda hadi nyingine, kama fundi aegemezaye ubao. Kanuni ya vitabuni, ya kujumlisha nusu ya kimo cha kwanza, nusu ya kimo cha mwisho, na vimo vyote vya katikati, kisha kuzidisha kwa upana wa ukanda mmoja, haisemi zaidi ya hayo. Kimo cha katikati huhesabiwa kizima kwa kuwa ni ukuta wa majirani wawili, kila mmoja ana nusu yake. Vya pembeni vina jirani mmoja tu. Nalisema hili kwa urefu kidogo kwa sababu katika shule niliyosoma mimi kanuni hii tulipewa kama hirizi, tuivae wala tusiifungue. Na kwa kuwa somo hili katika sekondari zetu husomeshwa kwa Kiingereza, wengi wetu tuliikariri kwa lugha tuliyokuwa bado tunaitafuta, tukapata maksi, tukatoka bila ya kujua kwa nini cha kwanza na cha mwisho vilikatwa nusu.

Sasa lile swali la kwanza. Kosa la mpwa wangu lilikuwa wapi? Halikuwapo. 73 ndilo jawabu sahihi la aliyoulizwa, yaani kadirio la kanda sita, na 72 ni eneo lenyewe. Na tafauti baina yao ina sababu inayoonekana kwa macho. Mstari wake umepinda kama bakuli lililowekwa wazi, na ubao ukiegemezwa juu ya bakuli, toka ukingo hadi ukingo, hubakisha upenyo chini yake. Kwa kila ukanda ameuhesabu upenyo huo kuwa ni eneo, basi imemlazimu azidishe. Lau mstari ungekuwa umepinda kama kuba la msikiti, ubao ungepita ndani ya kuba na kuacha sehemu juu yake, na hapo angepunguza. Kwa hiyo hata kabla ya kushika kalamu mtu aweza kusema kosa lake litaangukia upande gani.

Aweza hata kusema litapungua kwa kiasi gani. Akikata kanda tatu pana, kila moja 2, hupata 76, ambayo ina ziada ya 4. Akikata sita hupata 73, ziada ya 1. Akikata kumi na mbili za nusu nusu hupata 72.25, ziada ya robo. Kila upana unapopunguzwa nusu, kosa hubakia robo ya lilivyokuwa. Hii ndiyo sehemu niipendayo kuliko zote, na sijui kwa nini walimu huipita mbio: kosa ambalo lina nidhamu kiasi hiki si kosa la kuogopwa, ni mtumishi.

Ipo kanuni nyingine katika mtaala huo huo ambayo huchukua kimo cha katikati ya kila ukanda na kufanya mstatili mmoja wa kimo hicho. Vimo vya grafu yetu penye nusu, moja na nusu, mbili na nusu na kuendelea ni 0.25, 2.25, 6.25, 12.25, 20.25 na 30.25, jumla ni 71.5. Hapa imepungua nusu, ilhali trapeza ilizidi moja: upande wa pili, na nusu ya kosa. Mfanyabiashara mwenye mizani mbili, moja ionyeshayo zaidi kwa ratili moja na nyingine pungufu kwa nusu ratili, hahitaji kununua ya tatu. Huiamini ile ya pili mara mbili na ile ya kwanza mara moja: 71.5 mara mbili ni 143, ongeza 73, ni 216, gawanya kwa 3. Nilimwachia mpwa wangu kugawanya mwenyewe. Alipopata 72 aliinuka akakaa tena.

Mchanganyiko huo una jina la Thomas Simpson, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1710, mwana wa mfuma nguo na mwenyewe mfuma nguo, ambaye alijisomea hisabati hata akawa mwalimu katika chuo cha kijeshi cha Woolwich. Aliichapa kanuni hii mwaka 1743. Lakini hakuwa yeye wa kwanza. James Gregory wa Scotland aliitoa mwaka 1668, na Wajerumani mpaka leo huiita kanuni ya pipa ya Kepler, kwa sababu ya kisa cha harusi. Mwaka 1613 Johannes Kepler, mwanahisabati wa Kaisari, alioa mara ya pili, akanunua mvinyo wa nyumba yake katika Linz. Mwuzaji akaja na fimbo moja, akaitia kwa mshazari kupitia tundu la ubavuni mwa pipa mpaka chini pembeni, akatazama ilipolowa, akataja bei. Pipa refu jembamba na pipa fupi nene yalihukumiwa kwa fimbo hiyo hiyo. Bwana harusi, badala ya kushughulika na wageni, akaudhika na hesabu, na mwaka 1615 akatoa kitabu kizima juu ya ujazo wa mapipa. Kanuni ya pipa ni hii: chukua eneo la mdomo, eneo la kitako, na eneo la tumbo mara nne, jumlisha, gawanya kwa 6, zidisha kwa urefu. Tumbo limepewa nguvu ya wanne kwa kuwa ndilo lenye habari nyingi za pipa.

Bahari ndiyo iliyoipa kanuni ya Simpson ajira ya kudumu. Mhandisi wa meli huigawa meli, toka omo hadi tezi, kwa vituo vyenye nafasi sawa, hupima nusu ya upana penye usawa wa maji katika kila kituo, na kuvizidisha vipimo hivyo kwa 1, 4, 2, 4, 2, 4, 1, ili ajue eneo la maji linalokaliwa na meli na uzito itakaoubeba kabla haijazama kiasi asichokitaka. Mafundi wa Matondoni huko Lamu wamejenga majahazi kwa jicho na mkono, taruma baada ya taruma, pasipo ramani. Jicho hilo nalo hukadiria, ila halikuandika hesabu zake.

Zipo njia za wavivu, nazo si za kudharauliwa. Galileo, alipotaka kujua eneo la tao linalochorwa na nukta iliyo juu ya gurudumu, alikata umbo lake na kulipima katika mizani; na wanakemia wa karne iliyopita walikuwa wakikata vilima vya michoro yao kwa mkasi na kupima uzito wa karatasi. Mwaka 1854 Jakob Amsler wa Uswisi alibuni chombo chenye mkono na gurudumu dogo, ambacho ukikizungusha ukingoni mwa umbo lolote hukuambia eneo lake.

Mpwa wangu alikuwa amekwisha kufurahi, nami nikamharibia furaha kidogo. Grafu ya kitabuni ina jawabu nyuma ya kitabu, mto hauna. Tuseme mto mdogo wenye upana wa mita 12. Umefunga kamba toka ng'ambo hii hadi ile, na kila baada ya mita 2 umezamisha mti wenye alama, ukapata kina cha 0, 0.8, 1.4, 1.9, 1.5, 0.6, na 0 tena. Trapeza zinakupa mita za mraba 12.4, Simpson anakupa 12.67 hivi. Maji yakienda nusu mita kwa sekunde, kwa kadirio la kwanza zinapita lita 6,200 kila sekunde. Na mpimaji hodari hataridhika na mwendo mmoja, kwa kuwa maji ya katikati hukimbia kuliko ya ukingoni, atapima mwendo katika kila ukanda peke yake. Ipi ya namba mbili ni sahihi? Hakuna ukurasa wa kufunua. Baina ya mti na mti huenda pana jiwe au shimo, na Simpson, ambaye hudhania kwamba mpindo ni laini, hana elimu ya mashimo.

"Basi mtu hufanyaje, mjomba?"

Nikamwambia aongeze vipimo, apunguze upana, atazame namba zinatulia wapi. Akanyamaza. Kisha akainama, akaokota jani la mkungu lililoanguka chini ya baraza, moja la yale mapana mekundu, akalilaza juu ya karatasi ya grafu na kulizungushia penseli. Akahesabu sentimita za mraba zilizo nzima: 131. Akahesabu pamoja na zote zilizoguswa: 190. Akaandika namba hizo mbili, moja juu ya nyingine, akaacha nafasi katikati yao, akaanza upya na ile miraba midogo ya milimita 2, akitia nukta kila mmoja. Na adhana ya magharibi ikamkuta bado yuko karibu na kikonyo.